Nyumba bapa, nyumba ya kiwanda au nyumba ya mgongo? Kwa mwenye ploti ndogo Malindi

Mwezi uliopita waliingia ofisini kwangu mke na mume. Ofisi ni jina tu: meza ya kuchorea, feni, na kabati la ramani za watu ambao hawajamaliza kulipa. Mume akatoa simu akanionyesha nyumba moja ya Palm Springs, California. Ni nyumba ya chini, ndefu, paa bapa kama meza, ukuta mzima wa kioo, na mbele yake bwawa la kuogelea. "Fundi, twataka kama hii, ila ndogo." Mke akaichukua ile simu, akaitazama kitambo, kisha akaniuliza mimi badala ya mumewe: "Na buibui, fundi, humu nitalivulia wapi?"

Tulicheka sote, lakini swali lile lilituweka pale hadi adhuhuri. Ploti yao iko Muyeye, futi 50 kwa 100. Wana watoto watatu, na mama mzazi wa mume anaishi nao. Fedha ni za mshahara na mkopo wa sako. Mama mzee angependa nyumba kama aliyozaliwa Lamu, yenye kiwanda, yaani uwanja wa wazi, katikati. Mke anaona wasijitese, wajenge nyumba ya mabati yenye baraza kama majirani. Mume na picha yake ya California. Mvutano huu nimeukuta mara nyingi mno, basi nimeona bora niuandike mara moja, niwe nawapa watu wasome wakati nikinywa chai.

Maswali ya kuuliza kwanza

Picha ya nyumba haina joto, haina mbu wala jirani. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha sura, mimi humuuliza mteja mambo matano. Usiku wa manane mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukiwa umekufa na wa kusi bado, chumba cha kulala kitakuwa na hali gani? Mgeni wa kiume akibisha hodi, wanawake wa nyumba wataendelea na shughuli zao au watakimbilia chumbani? Baada ya miaka kumi ya chumvi na masika, ni kitu gani kitakuwa kimeoza, na kukitengeneza ni kazi ya nani? Ploti imeelekea wapi, na mtoto wa kwanza akioa atakaa wapi? Mwisho ni fedha, pamoja na fundi wa kuzigeuza nyumba.

Kila nyumba kati ya hizi tatu nitaipitisha kwenye maswali hayo hayo. Mengine nitayapita haraka. La kwanza nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wajute.

Nyumba zenyewe

*Nyumba bapa* ni ile ya picha ya mume. Mtindo huu ulishamiri Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili, kuanzia 1945 hadi miaka ya 1960. Watu huidhani ni nyumba ya matajiri kwa sababu ya yale mabwawa, kumbe wengi walioinunua walikuwa watu wa kipato cha kati. Mjenzi mmoja wa California, Joseph Eichler, alijenga zaidi ya elfu kumi kwa ajili ya familia za kawaida. Nguzo na mihimili hubeba paa, kwa hiyo kuta za ndani hazibebi kitu na unaweza kuzipunguza. Sebule, meza ya kulia na jiko hukaa pamoja. Charles na Ray Eames walijenga yao mwaka 1949 kwa vyuma na vioo vilivyoundwa tayari, mfano wa kuonyesha kwamba nyumba nzuri haihitaji marumaru.

Pwani yetu haikuachwa nyuma. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934, ndiye aliyechora Oceanic Hotel ya Mombasa. Na nyumba nyingi ndogo za miaka ya hamsini na sitini, kuanzia Mombasa hadi huku Malindi, zina dalili za ukoo huo: ukingo mpana wa zege juu ya dirisha, vioo vya luva, ukuta wa matofali ya matundu kando ya ngazi. Hayo matofali ya matundu, kwa anayedhani ni ya Wamarekani, yalianzia Recife huko Brazil miaka ya 1920, mji wa pwani wenye joto na unyevu kama wetu.

*Nyumba ya kiwanda* haihitaji utangulizi mrefu, ila kwa vijana wa bara niseme kwamba kiwanda hapa si cha sukari. Ni uwanja mdogo ulio wazi ndani ya nyumba. Kutoka barabarani unaingia dakani, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, njia inakunja ili jicho la mpita njia lisifike ndani, ndipo unatokea kiwandani. Vyumba vinafuatana kutoka hapo: msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi ndefu za chini na za juu, na ndani kabisa ni chumba kiitwacho ndani, cha mwenye nyumba, chenye zidaka, vishubaka vya ukutani. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba hizo ni sehemu ya sababu. Asiyetaka kupanda basi hadi Mokowe na akaende Gede, hapo kilomita chache kusini. Magofu yake yanaonyesha wazi nyumba zilizojipanga kuzunguka uwanja, na zimeachwa tangu karne ya 17.

*Nyumba ya mgongo* ni ya paa linalopanda, liwe la makuti au la mabati, na baraza mbele au kuzunguka. Ndiyo nyumba ya watu wengi hapa. Haina jina kubwa, na labda ndiyo sababu haipigwi picha.

Joto la usiku

Ami yangu alikuwa na nyumba ya paa bapa la zege, Shela ya hapa Malindi. Mchana ilipendeza: nyeupe, safi, kivuli kwenye ukingo. Baada ya isha ndipo mambo yalipobadilika. Mke wake alikuwa akisema, "Nyumba hii mchana yala jua, usiku yatapika." Tulipokwenda kulala kwake wakati wa likizo, watoto sote tulipandishwa darini, juu ya paa, na mikeka, na saa kumi alfajiri umande ukiwa mwingi tunateremshwa tena tumebeba mito.

Sababu yake haina siri. Zege la sentimita 15 hunywa joto mchana kutwa, na kulitoa huchukua saa nyingi. Palm Springs ni jangwa. Jua likizama hewa hupoa sana, na zege linapata pa kutupia joto lake. Malindi mchana wa Machi hufika nyuzi 31 au 32, na usiku hatushuki sana chini ya 25, huku hewa imejaa unyevu. Zege letu halina pa kulitupa joto ila chumbani kwako.

Hapa lazima niitetee nyumba bapa, maana inasingiziwa. Zile za Eichler hazikuwa na paa la zege hata kidogo. Zilikuwa na mbao juu ya mihimili, nyepesi, zikafunikwa lami na changarawe. Zege chini ndilo lililokuwepo, na ndani ya sakafu walipitisha mabomba ya maji ya moto ili kuwapasha miguu wakati wa baridi (hiyo tunaweza kuwaachia wenyewe). Kwa hiyo anayetaka sura hiyo hapa si lazima amwage zege juu. Mabati yenye mteremko mdogo yaliyofichwa nyuma ya ukingo, chini yake dari, na kati yake nafasi ya hewa kupita pande zote mbili, hutoa mstari ule ule mnyoofu, na kuanzia saa mbili usiku paa limekwisha kupoa.

Jambo lingine ambalo mtindo huo unalijua kuliko mafundi wetu wa leo ni ukingo wa paa. Malindi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi tatu na kitu. Jua la saa sita mchana hukaa karibu utosini mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Hesabu yake ni kwamba ukingo wa mita moja utatia kivuli mita mbili za ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na zaidi ya mita mbili u nusu za ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba. Dirisha lote limefunikwa. Lakini mashariki na magharibi ukingo haufui dafu, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia kutoka ubavuni. Basi nyumba bapa ilaze kwa urefu mashariki–magharibi, weka madirisha kaskazini na kusini, na huko huko ndiko zinakotoka kaskazi na kusi. Ukuta wa magharibi uwe wa choo, stoo na kabati. Nyumba ya chumba kimoja kwa upana, upepo ukiingia huku ukitoka kule, ni nyumba ya raha kweli.

Nyumba ya kiwanda hufanya kazi kwa njia nyingine. Kuta za matumbawe zinazopita sentimita 40 unene huchelewesha joto la mchana, na hewa ya moto hupanda kupitia kiwandani. Mchana wa jua kali ukitoka barabarani ukaingia msanani, utahisi kama umeingia msikitini. Usiku ni maneno mengine: vyumba vya ndani havina dirisha la nje, na upepo ukikatika vinakuwa vizito. Wazee wa Lamu walikuwa na dawa yake, ghorofa ya juu na paa la makuti juu ya dari, ambako upepo wa bahari hufika. Kosa ninaloliona siku hizi ni mtu kujenga kiwanda cha mita tatu kwa tatu katika nyumba isiyo na ghorofa. Kuta fupi hazikitii kivuli, jua la utosini linaingia lote, na sakafu ya zege pale katikati inakuwa kikaango. Panda mkomamanga au mlimau humo, au funika nusu kwa makuti, na toboa ukuta wa kusini juu kabisa ili kusi iingie.

Nyumba ya mgongo ya makuti ndiyo mshindi wa swali hili, nisiseme uongo. Makuti hayahifadhi joto, yanapumua, na joto hutoka juu mgongoni. Mabati ni kinyume mchana na ndugu usiku: bila dari ni tanuri hadi alasiri, lakini ni mepesi, yakikosa jua yanapoa mara moja. Ukiweka dari na kuacha matundu ya hewa kwenye pembe za mgongo, umemaliza nusu ya tatizo. Baraza la kuzunguka humaliza nusu iliyobaki, kwa sababu ukuta wenyewe haulioni jua.

Stara

Turudi kwenye buibui. Nilipomweleza yule mke kwamba nyumba za Eichler kwa upande wa barabarani mara nyingi ni ukuta mtupu na mlango, vioo vyote vikiwa nyuma, alinitazama kama namdanganya kwa ajili ya mumewe. Ndivyo zilivyo. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 nyingi zilikuwa na uwanja wa wazi katikati, unaingia mlango wa barabarani unajikuta kwenye mwanga na miti, kisha ndipo unafika mlango wa sebule. Mama mzee akasema, "Hiyo si kiwanda hiyo?" Ni kiwanda, mama, kimezungukwa na vioo badala ya matumbawe.

Tatizo la nyumba bapa kwetu liko ndani zaidi. Mpango wa sebule na jiko pamoja humaanisha mgeni wa mume ameketi akimtazama mke akikaanga papa. Moshi na harufu ya samaki havijui kwamba nyumba ni ya kisasa. Wateja wangu waliofaulu kwa mpango huo walijenga majiko mawili: dogo la ndani la chai na la kupashia, na jiko la nje nyuma, penye makaa na mbuzi ya nazi. Ukuta wa matofali ya matundu husaidia: mchana aliye ndani huona nje asionekane. Ila taa ikiwashwa usiku mambo hugeuka, barabara yote inakuona. Weka pazia, na wavu wa mbu nyuma ya matundu, maana tundu halichagui mgeni.

Nyumba ya kiwanda kwa stara haina mpinzani. Daka la kupokea wageni, njia iliyopinda, sabule ya mgeni anayelala isiyokatiza katikati ya nyumba. Na Lamu jiko mara nyingi liko juu darini, moshi haumwudhi mtu. Anayeishi na mama mkwe, shangazi na mabinti wakubwa ataithamini kila siku.

Nyumba ya mgongo iko katikati. Baraza la mbele ndiyo sebule ya wanaume, ndani ni kwa wenyewe, na kwa familia nyingi hiyo yatosha. Baraza la kuzunguka nyumba nzima, hata hivyo, linamleta mtu hadi dirishani pa kulala. Likate nyuma kwa ukuta au ua wa makuti.

Mvua, chumvi na miaka kumi mbele

Paa bapa la zege likikosewa halisameheki. Linataka mteremko wa kutosha kuelekea mabomba, angalau sentimita mbili kwa kila mita, na mabomba mawili hata kama moja lingetosha, kwa sababu siku ya masika moja litazibwa na majani ya mwarobaini. Ya ami yangu ilivuja mwaka wa tatu. Fundi aliyeimwaga, ambaye simtaji, alichota mchanga ufukoni bila kuuosha, chumvi ikaingia kwenye nondo, nondo zikavimba, zege likaanza kubanduka vipande juu ya kitanda. Nondo za darini zifunikwe vizuri, na mchanga utoke mtoni au timboni.

Si sisi tu tuliofundishwa na mvua. Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka, alianza na majengo meupe ya paa bapa, akaona yanavyochakaa kwenye mvua za kwao, akahamia mapaa makubwa yenye ukingo mpana. Nyumba aliyomjengea Ena de Silva mjini Colombo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na uwanja katikati na vyumba vilivyo wazi kuuelekea, lakini juu ilikuwa na vigae vya mteremko. Nawaonyesha picha zake wateja wenye mvutano kama wa Muyeye.

Matumbawe na chokaa huishi karne, mradi chokaa kirudiwe. Anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa chokaa anafungia unyevu ndani, na ukuta unatoka chunusi. Boriti za mikoko ni imara zisipolowa, ila huuzwa kwa korja na siku hizi mikoko hukatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu, kwa hiyo usipange nyumba kama kwamba zinaokotwa.

Makuti huombwa radhi, yaani hubadilishwa, kila baada ya miaka michache: mteremko mkali wa kama nyuzi 45 huyarefushia maisha, mteremko mdogo huyaozesha. Na moto. Yamekwisha kuteketeza hoteli zaidi ya moja katika pwani hii. Jiko la makaa lisikae chini yake. Mabati membamba ya geji 30 karibu na ufuo hutoboka upesi, nunua geji 28 na misumari isiyoshika kutu.

Maji nayo yahesabiwe, kwa kuwa visima vyetu vingi vina chumvi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 katika mvua moja ya milimita 20 hutoa karibu lita 2,000, na Malindi hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Mabati huyakusanya safi. Zege pia, ikiwa watoto hawachezi huko juu. Maji ya makuti yana rangi ya chai ya rangi. Ni ya kumwagilia.

Ploti na watoto wanaokua

Nyumba bapa yenye chumba kimoja kwa upana inadai urefu. Kwenye futi 50 kwa 100, ukiondoa nafasi ambayo kaunti hutaka uiache mpakani, inakaa vizuri pale tu upande mrefu wa ploti unapokwenda mashariki–magharibi. Ploti ikiwa imelala kaskazini–kusini, utalazimika kuikunja iwe kama herufi L, na ukikunja mara mbili umekwisha kupata kiwanda. Kuongeza ghorofa juu ya zege inawezekana ikiwa msingi na nguzo vilihesabiwa tangu mwanzo. Zile nondo zinazoachwa zimesimama juu "kwa ajili ya baadaye" zipakwe saruji au zifunikwe. Miaka mitano ya hewa ya bahari huzila.

Nyumba ya kiwanda hubana ardhi vizuri sana, na mji wa Lamu ulikua kwenda juu na hata kuvuka barabara kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Lakini boriti hufika mita mbili u nusu na ushee tu, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Kochi la umbo la L halitaingia. Wapo wanaotumia mihimili ya zege ili kupanua, na nyumba bado ikawa na roho yake.

Ya mgongo hukua kwa ubavu: chumba nyuma, kingine pembeni, kwa mkopo wa kila mwaka. Sura yake ndiyo huumia, lakini nimeona familia ngapi zikianza na vyumba viwili na leo wana sita.

Fedha na fundi

Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo nitatumia vitu. Paa la zege la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa kawaida hilo ni karibu mifuko 95 hadi 100 ya saruji, nondo zinazopita tani moja, na mbao za kushikilia ambazo utazitupa baadaye. Yote hayo siku moja, huwezi kumwaga nusu ukangoja mshahara. Nyumba ya mgongo inaruhusu kungoja. Ya kiwanda iko katikati kwa vifaa, lakini fundi wa kweli wa zidaka na nakshi ya chokaa ni wa kutafuta Lamu, na kazi yake ni ya polepole. Vioo vikubwa vya nyumba bapa ni ghali, tena vinahitaji grili. Luva na matofali ya matundu hufanya kazi ile ile kwa bei ya chini, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuyafyatua akipewa kalibu.

Ukiwa katika hali hii

Ploti imelala mashariki–magharibi, familia ni ndogo, wageni wenu ni wa kuingia hadi jikoni: nyumba bapa itakufaa, yenye paa jepesi, ukingo wa mita moja, na mgongo kuelekea barabara.

Mnaishi vizazi vitatu, jirani yuko karibu kiasi cha kusikia kijiko chako, na nyumbani kwenu stara haijadiliwi: nyumba ya kiwanda, hata kama ni ya mawe ya timbo na mihimili ya zege. Ukijenga au kukarabati ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, anzia kwenye ofisi ya Makumbusho kabla ya kununua mfuko wa kwanza, na hesabu punda wa kubeba vifaa, kwa sababu lori halifiki mlangoni.

Fedha zinakuja kidogo kidogo, au unataka kuhamia mapema ukiwa unajenga: ya mgongo, mabati geji 28, dari, baraza pana upande wa magharibi.

Unapangisha watalii miezi ya msimu: makuti huwavutia, lakini uliza kwanza bima itakudai nini kwa ajili ya moto.

Umerithi nyumba ya zege inayochoma usiku kama ya ami yangu: usiibomoe. Ziba nyufa, ipake chokaa nyeupe juu, kisha simamisha paa la makuti juu ya nguzo kama futi saba kutoka kwenye zege. Utapata baraza la juu la kulalia, na zege halitaliona jua tena.

Wale wa Muyeye? Ploti yao imelala kaskazini–kusini. Nimewachorea L yenye mkomamanga kwenye pembe, paa la mabati lililofichwa, daka mbele, jiko la makaa nyuma. Mume amelipenda paa, mama mzee amelipenda daka. Mke ameirudisha ramani ikiwa na alama moja ya kalamu nyekundu kando ya mlango wa pili, pale njia inapokunja: ndoano ya buibui.